Kufundisha Njeo Timilifu ya Kihispania kwa Mazungumzo juu ya Waongozaji wa Filamu

Kila mwalimu wa lugha amepata kumwona mwanafunzi wa namna hii. Akiambiwa ataje nafsi zote sita za kitenzi, huzitaja bila kusita. Akipewa sentensi kumi zenye nafasi wazi, hupata kumi kwa kumi. Lakini akiulizwa swali dogo nje ya darasa, la kumtaka aseme jambo moja analolijua yeye mwenyewe, hunyamaza. Mwanafunzi huyo hakukosa bidii. Alichokosa ni jambo la kusema. Sentensi zote alizozoea kuzijaza hazikuwa na mwenyewe: hakuna aliyetaka kuzisema, wala hakuna aliyejali kama ni za kweli au za uongo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kuliondoa tatizo hilo katika sehemu moja ya sarufi. Sehemu yenyewe ni njeo timilifu ya Kihispania, nayo njia ni kuwazungumzia waongozaji wa filamu. Huenda mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha shule ya msingi akauliza Kihispania kinamhusu nini. Jibu letu ni kwamba katika lugha tuliyoizoea, mazoea hufunika udhaifu wa mbinu. Katika lugha ngeni mbinu huonekana wazi, ikiwa nzuri au ikiwa mbaya. Aidha, Kihispania si lugha iliyo mbali kabisa na Afrika, maana ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Na kwa bahati njema njeo hii ina ndugu yake katika Kiswahili, hivyo hata msomaji asiyejua neno moja la Kihispania ataweza kutufuata hatua kwa hatua.

1. Umbo la njeo

Wanasarufi wa Kihispania huiita njeo hii pretérito perfecto compuesto. Huundwa kwa maneno mawili. Neno la kwanza ni kitenzi kisaidizi haber, ambacho hubadilika kwa nafsi: he (mimi), has (wewe), ha (yeye), hemos (sisi), habéis (ninyi), han (wao). Herufi h haitamkwi, kwa hiyo he husikika kama "e" na ha husikika kama "a". Neno la pili ni kitenzi kikuu katika umbo maalumu. Vitenzi vinavyoishia na -ar huchukua -ado: rodar, yaani kupiga filamu, huwa rodado. Vinavyoishia na -er au -ir huchukua -ido: dirigir, yaani kuongoza, huwa dirigido. Basi ha dirigido ni "ameongoza".

Vipo vitenzi vichache visivyofuata kanuni hiyo, navyo yafaa vifundishwe mapema kwa sababu hutumika kila siku: ver (kuona) huwa visto, hacer (kufanya) huwa hecho, escribir (kuandika) huwa escrito, decir (kusema) huwa dicho, volver (kurudi) huwa vuelto, morir (kufa) huwa muerto.

Mambo matatu zaidi yanatosha kwa mwanzo. Kwanza, maneno haya mawili hukaa pamoja, wala haifai kuyatenga kwa neno jingine. Kikanushi no hutangulia yote mawili: no he visto. Pili, neno la pili halibadiliki likiandamana na haber, awe msemaji mwanamume au mwanamke, iwe filamu moja au nyingi. Tatu, kiwakilishi cha kitu kinachotendwa hutangulia pia. Hapa mwalimu anaweza kuandika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine: Nimeiona, La he visto. Kiswahili kimefunga katika neno moja mambo yale yale ambayo Kihispania kimeyagawa katika matatu. La ni sawa na -i-, he ni sawa na nime-, visto ni sawa na -ona. Tofauti iko katika mpangilio tu. Mwanafunzi akiuona mlingano huo mara moja, hofu yake hupungua sana.

2. Maana ya njeo

Umbo ni sehemu nyepesi. Ugumu uko katika kujua ni wakati gani msemaji huitumia njeo hii, na ni wakati gani huiacha akatumia njeo sahili ya wakati uliopita. Tazama sentensi hizi mbili zinazomhusu Pedro Almodóvar, mwongozaji wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1949:

Almodóvar ha dirigido más de veinte películas. (Almodóvar ameongoza filamu zaidi ya ishirini.)

En 1999 estrenó Todo sobre mi madre. (Mwaka 1999 alitoa filamu iitwayo "Yote juu ya Mama Yangu".)

Sentensi ya kwanza haitaji siku wala mwaka. Inahesabu kazi ya mtu mpaka leo, na hesabu yenyewe haijafungwa, kwa maana mtu huyo anaweza kuongeza nyingine. Sentensi ya pili imefungwa ndani ya mwaka wake. Msemaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii tangu utoto, kwa sababu ndiyo tofauti ya -me- na -li-.

Mlingano huo huendelea hata katika maneno madogo yanayoandamana na njeo. "Umewahi kuona filamu ya Almodóvar?" ni ¿Has visto alguna vez una película de Almodóvar? "Nimeshaiona" ni Ya la he visto. "Sijaiona" ni Todavía no la he visto. "Sijawahi kuona hata moja" ni Nunca he visto ninguna. Mwalimu azingatie kwamba viambishi -mesha- na -ja- hufanya kazi ambayo Kihispania huifanya kwa maneno ya pekee, ya na todavía. Kadhalika "sikuiona", yaani no la vi, ni tofauti na "sijaiona". Anayesema sikuiona amefunga mlango. Anayesema sijaiona ameuacha wazi.

3. Kwa nini waongozaji wa filamu?

Kabla ya kuchagua mada ya kubebea njeo fulani, yafaa mwalimu ajiulize maswali matatu. Je, mada hii inailazimisha njeo ijitokeze yenyewe, au mwalimu atalazimika kuivuta kwa nguvu? Je, kila mwanafunzi ana jambo la kweli la kusema juu yake? Na je, kosa la njeo litabadilisha maana, au litabaki kuwa kosa la daftarini tu?

Waongozaji wa filamu wanajibu maswali yote matatu. Kuhusu swali la kwanza, watu wakizungumza juu ya filamu huanza kwa kuulizana "umeona?", na kisha mazungumzo huhesabu kazi za mwongozaji: ameongoza, ameandika, amepata tuzo. Njeo timilifu huja bila kuitwa. Kuhusu swali la pili, hata mwanafunzi ambaye hajaona filamu yoyote ya Kihispania ana sentensi ya kweli ya kusema: No he visto ninguna película de Buñuel, yaani "Sijaona filamu yoyote ya Buñuel". Hapa asiye na kitu hawekwi kando, kwani kukosa kwake nako kuna sarufi yake. Akitaka anaweza kuongeza, He oído hablar de él, "Nimesikia habari zake".

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linahitaji mfano. Carlos Saura alizaliwa Huesca, Hispania, mwaka 1932. Aliongoza filamu nyingi, zikiwamo La caza ya mwaka 1966 na Carmen ya mwaka 1983. Mwezi wa Februari 2023 ilikuwa imepangwa apewe tuzo ya Goya ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote, katika sherehe ya tarehe 11 mjini Sevilla. Alifariki tarehe 10, siku moja kabla. Mpaka siku ile Mhispania alisema Saura ha dirigido muchas películas. Tangu siku ile husema Saura dirigió muchas películas. Filamu ni zile zile na idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hesabu imefungwa, na sarufi ndiyo inayoutoa msiba huo. Mwanafunzi akikosea hapa hakukosa alama moja tu. Amesema juu ya marehemu kana kwamba yu hai, au amemzika aliye hai. Ndiyo sababu tunasema kwamba mada hii inampa mwanafunzi kitu cha kupima kabla ya kufungua kinywa.

4. Mwenendo wa somo

Somo tunalolieleza ni la kipindi kimoja cha dakika 40, kwa wanafunzi waliokwisha kujifunza wakati uliopo na vitenzi vichache katika njeo sahili ya wakati uliopita. Zana zake ni kadi sita zinazoweza kukatwa katika jalada la daftari. Kila kadi ina jina la mwongozaji, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa kama amekwisha kufa, na filamu mbili pamoja na miaka yake:

Luis Buñuel, 1900–1983: Los olvidados (1950), Viridiana (1961).
Carlos Saura, 1932–2023: La caza (1966), Carmen (1983).
Víctor Erice, alizaliwa 1940: El espíritu de la colmena (1973), Cerrar los ojos (2023).
Pedro Almodóvar, alizaliwa 1949: Todo sobre mi madre (1999), Volver (2006).
Alfonso Cuarón, alizaliwa 1961: Y tu mamá también (2001), Roma (2018).
Icíar Bollaín, alizaliwa 1967: Te doy mis ojos (2003), Maixabel (2021).

Hapana budi mwalimu azikague kadi hizi kila mara kabla ya somo. Habari za mtu aliye hai hubadilika, na kadi iliyopitwa na wakati itafundisha njeo isiyo ya kweli.

Hatua ya kwanza, dakika 5: kusikiliza. Mwalimu anashika kadi moja moja na kusema habari zake mwenyewe kwa ukweli, wala asijisingizie kuona asichokiona. He visto Volver. Todavía no he visto Maixabel. Nunca he visto La caza. Wanafunzi hawaandiki wala hawarudii. Wanainua mkono kila wanaposikia kwamba mwalimu ameona, na kuushusha wanaposikia kwamba hajaona. Kwa njia hiyo maana hutangulia umbo.

Hatua ya pili, dakika 8: kuliona umbo. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi tatu kati ya zile alizozisema, kisha anawauliza wanafunzi wamwonyeshe ni neno gani linalotaja nafsi, na ni lipi linalotaja tendo. Nafsi sita zinaandikwa baada ya hapo. Jedwali ni msaada wa kukumbuka lile lililokwisha kueleweka, na kwa hiyo mahali pake si mwanzo wa somo.

Hatua ya tatu, dakika 12: kuulizana. Wanafunzi wanasimama na kuzunguka darasani. Kila mmoja anatafuta mwenzake aliyeona filamu mojawapo ya zile zilizo katika kadi, na mwenzake ambaye hajaiona: ¿Has visto Roma? — Sí, la he visto. — No, todavía no la he visto. Mahali ambapo filamu hizo hazipatikani, mwalimu asome kwanza habari fupi za filamu mbili. Mathalani, Viridiana ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1961, lakini ilipigwa marufuku nchini Hispania mpaka mwaka 1977. Na katika Volver mama anayedhaniwa kuwa amekufa anawarudia binti zake. Hapo darasa litapata sentensi La madre ha vuelto, "Mama amerudi", na umbo lile gumu la vuelto halitasahaulika tena.

Hatua ya nne, dakika 8: kupanga kadi. Ubao unagawanywa sehemu mbili, ha dirigido upande mmoja na dirigió upande wa pili. Mwanafunzi anachukua kadi, anaisoma, anaiweka upande unaostahili na kusema sentensi yake. Buñuel na Saura watakwenda upande mmoja, wanne waliobaki upande wa pili. Kisha mwalimu anauliza juu ya mwaka mmoja tu wa Erice: ¿Y en 1973? Mwanafunzi anapaswa kujibu, En 1973 dirigió El espíritu de la colmena. Ndipo darasa litakapotambua kwamba si uhai wa mtu peke yake unaoamua, bali ni kama wakati unaotajwa umefungwa au haujafungwa.

Hatua ya tano, dakika 7: kuandika. Kila mwanafunzi anaandika sentensi nne: mbili juu ya yale aliyoyaona au asiyoyaona yeye, moja juu ya mwenzake aliyemhoji, na moja juu ya mwongozaji. Sentensi zote ziwe za kweli. Sharti hili la ukweli lisilegezwe, maana ndilo linalomfanya mwanafunzi achague njeo badala ya kuibahatisha.

5. Mitego kwa msemaji wa Kiswahili

Udugu wa -me- na haber ni msaada mkubwa, lakini ndugu hawafanani kwa kila kitu. Mitego mitatu yapasa kuangaliwa.

Mtego wa kwanza ni wa hali. Katika Kiswahili tunasema "amelala", "amesimama", "amechoka", tukiwa na maana ya hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Kihispania hakitumii njeo timilifu hapo. Hutumia kitenzi estar pamoja na neno la sifa: está dormido, está de pie, está cansado. Na neno hilo la sifa, tofauti na lile linaloandamana na haber, hubadilika kwa jinsi, kwani juu ya mwanamke husemwa está cansada.

Mtego wa pili ni wa tarehe. Katika mazungumzo ya kawaida husikika "amezaliwa mwaka 1949". Mwanafunzi mwenye mazoea hayo atasema ha nacido en 1949. Sivyo, mwaka ukitajwa na ukiwa umepita, njeo sahili hutumika: nació en 1949.

Mtego wa tatu ni wa siku ya leo. Sisi husema bila shida "leo asubuhi niliona filamu". Katika sehemu kubwa ya Hispania, siku ya leo huhesabiwa kuwa haijafungwa, hivyo husemwa Hoy he visto una película, hata kama saa yenyewe imekwisha pita. Vivyo hivyo kwa esta semana (wiki hii) na este año (mwaka huu). Lakini ayer (jana) na el año pasado (mwaka jana) huitaka njeo sahili.

Juu ya jambo hili la tatu mwalimu asiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu Kihispania chenyewe si kimoja. Nchini Meksiko, alikozaliwa Cuarón, watu husema kwa kawaida Hoy vi una película, na rafiki humwuliza rafiki ¿Ya viste Roma? Hata ndani ya Hispania, wenyeji wa Galicia, Asturias na Visiwa vya Kanari hupendelea njeo sahili. Mwanafunzi aliyejifunza kwa Mmeksiko akisema hivyo hakukosea. Amwambie mwalimu ameisikia wapi, na darasa zima lifaidike.

6. Kusahihisha

Kosa linapotokea, mwalimu asilirukie umbo mara moja. Aulize kwanza juu ya maana. Mwanafunzi akisema Saura ha dirigido muchas películas, mwalimu amwonyeshe kadi na kuuliza, ¿Vive Saura? yaani, "Saura yu hai?" Mara nyingi mwanafunzi atajisahihisha mwenyewe, na sahihisho alilolifikia mwenyewe hudumu kuliko lile lililoandikwa kwa wino mwekundu. Lakini mwalimu naye awe mwangalifu. Sentensi Buñuel ha influido en muchos directores, "Buñuel ameathiri waongozaji wengi", ni sahihi, ingawa Buñuel alifariki Mexico City mwaka 1983. Mtu amekwisha kufa, ila athari yake ingali ikiendelea, na njeo inafuata athari hiyo. Mwalimu anayesahihisha kwa kukariri kanuni ataifuta sentensi njema kama hiyo.

7. Katika shule ya msingi

Wengi wa wasomaji wetu hawatafundisha Kihispania. Hata hivyo maswali yale matatu ya sehemu ya tatu yanafaa katika kila somo la lugha. Tuchukue mfano wa darasa la nne linalojifunza matumizi ya -me-, -ja- na -li- katika kuandika Kiswahili sanifu. Badala ya kuandika ubaoni sentensi za kukanusha zisizomhusu mtu, mwalimu awapeleke watoto katika bustani ya shule. Mbegu za mchicha zimeota, za nyanya hazijaota, tulizipanda Jumatatu. Mada hiyo inailazimisha njeo. Kila mtoto ana tuta lake la kulisemea. Na kosa linabadilisha maana, kwa kuwa anayesema "hazikuota" amekata tamaa na anaweza kuling'oa tuta, ilhali anayesema "hazijaota" ataendelea kumwagilia.

Basi mwalimu mwanafunzi anapotayarisha andalio la somo, asiishie kuandika katika safu ya kwanza jina la njeo atakayoifundisha. Aandike pia, mbele ya jina hilo, ni jambo gani la kweli ambalo kila mtoto ataweza kulisema kabla kengele haijalia. Asipoweza kuijaza sehemu hiyo, abadilishe mada kabla hajaingia darasani.